Kitambaa cha ngao hushikwa na ukingo, si gundi

Swali: "Fundi, habari ya kazi. Tuko vijana wanane hapa Umoja, na kila Jumamosi tunacheza ule mchezo wa kupigana kwa fimbo za henzirani tukiwa tumevaa kofia za chuma na deraya, kama askari wa Ulaya wa zamani. Ngao tulitengenezewa Kamukunji: za duara, upana sentimita 60, zimebinuka kidogo katikati, alumini ya milimita 2. Yangu niliifunika kwa poliesta nyeupe na gundi ya viatu ili nipate pa kuchora nembo. Jumamosi mbili tu, katikati imefanya mapovu na pembeni imechanikachanika. Halafu ikipigwa inalia kama sufuria. Nieleze gundi iliyo kali kuliko hii ni ipi, na kama nikitandika sponji chini ya kitambaa kelele itaisha. Msomaji, Umoja."

Njema, kijana wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na mara ya pili nikacheka, wala si kwa kukudharau. Mimi kazi yangu ya kila siku ni viti na siling'i za matatu, pale Grogan, kama wazee bado wanavyoiita Barabara ya Kirinyaga. Ngao zilinijia kwa mlango wa nyuma. Kikundi kimoja cha maigizo kiliniletea sita za chuma, na mimi nikajiambia aliyezoea kufunika mlango wa gari atashindwaje na kisahani? Nikapaka gundi nyeupe ya maseremala, nikavuta merikani, nikalainisha kwa kiganja, zikapendeza. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi kila ngao ilikuwa na ramani ya kahawia usoni: kutu imepenya kwenye kitambaa kama chai iliyomwagikia shati jeupe. Gundi ile ni ya maji, chuma sikukipaka prima, nikawa nimewafungia maji na chuma katika chumba kimoja. Wewe una alumini, hiyo haikutoi ramani. Lakini kosa letu ni moja: wote wawili tulidhani kazi ni ya gundi.

Basi iweke gundi kando kwanza. Gundi kwenye ngao ina kazi moja, kukizuia kitambaa kisitembee juu ya bati. Kukishikilia kisitoke ni kazi ya ukingo. Ukiyachanganya hayo utanunua kila mkebe ulioko River Road na bado kitabanduka. Tazama fimbo inavyotua. Ikitua katikati, inakikandamiza kitambaa kwenye bati. Hapo hata uji wa ngano ungetosha kukishika. Ikitua pembeni, kitambaa kinabanwa na vitu vigumu viwili, fimbo juu na makali ya bati chini, na bati la milimita 2 ni mkasi. Hakuna gundi ya kuzuia mkasi.

Chama cha Wamarekani kilichoueneza mchezo huu wa henzirani, Society for Creative Anachronism, kilianzia Berkeley, California, mwaka 1966, na sheria zao zinataka ukingo wa ngao ufunikwe. Wao wanawaza zaidi usalama wa mwenzako, na pia fimbo yake, kwa maana makali ya bati huitafuna henzirani nyuzi kwa nyuzi. Wewe hukuweka chochote pembeni, au ulikuwa umeweka ukasahau kuniandikia? Kwa jinsi ulivyoeleza kuchanika huko, nadhani hukuweka. Msicheze tena na ngao hizo, hata moja, mpaka kingo zivikwe.

Sasa hayo mapovu. Umewahi kupanda matatu ya zamani ukaona kitambaa cha siling'i kimening'inia kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba? Ni ugonjwa huohuo. Bati la paa linachemka, gundi inalainika, kitambaa kinaachia kidogo kidogo. Ngao iliyolazwa juani saa saba mchana huku mkinywa soda haishikiki kwa kiganja, na gundi yenye asili ya mpira haipendi joto hilo. Utasikia watu wakisema eti bati linatanuka ndiyo maana kitambaa kinabanduka. Nimelipigia hesabu hilo. Alumini ya sentimita 60 ikipanda joto kwa digrii 30 inatanuka kama milimita 0.4, unene wa ukucha. Pamba inalivumilia hilo bila hata kujua. Kinachokuumiza ni gundi kulainika, tena juu ya bati ambalo halikuwa safi tangu mwanzo, chini ya kitambaa ambacho hakinywi gundi. Unyuzi wa poliesta ni kama kijiti cha plastiki, gundi inaukalia juu tu. Pamba inainywa.

Kwa hiyo bandua chote. Usikitie kiraka. Kivute polepole ukianzia palipokwisha kuachia, na gundi iliyobaki ilainishe kwa kitambaa chenye thina, kisha ikwangue kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Fanya hayo nje, mbali na jiko. Mvuke wa thina unatambaa chini kwa chini na unaweza kuufikia moto uliodhani uko mbali. Halafu osha bati kwa maji moto na sabuni ya vyombo, pande zote mbili, suuza, kausha.

Hapa ndipo wengi hukimbilia msasa. Ngoja kidogo, pima kwanza. Mimina kijiko cha maji usoni pa ngao na uinamishe. Maji yakijikusanya vidonge na kuteleza kama umande kwenye jani la nduma, mafuta bado yapo, rudia sabuni. Yakitandaa kama utando mmoja mwembamba unaoshikilia kwa muda, bati ni safi. Ukipiga msasa juu ya mafuta unayasugua yaingie kwenye mikwaruzo, na ukisha kuyaingiza humo kuyatoa ni kazi mpya. Mafuta yalitoka wapi? Bati hutoka kiwandani nayo, fundi analishika, wewe unalishika. Si uzembe wa mtu.

Likiwa safi, chukua msasa namba 80 na ulikwaruze lote, kwanza kwenda juu na chini, kisha kukata kushoto na kulia, mpaka ule mng'ao wa sufuria mpya ufe kabisa na libaki rangi ya jivu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, na kuanzia hapo usiguse uso wa ngao kwa kidole kitupu. Alumini ina tabia yake: ukiikwaruza inajivika upya utando wake mwembamba papo hapo, na kadiri inavyokaa wazi ndivyo inavyokusanya uchafu. Kwa hiyo msasa na gundi viwe vya siku moja, ikiwezekana vya saa moja. Mwenye ngao ya chuma cha kawaida aongeze hatua: prima ya kuzuia kutu, ikauke siku nzima, ndipo akwaruze ile prima kidogo kwa msasa laini. Asifanye nilivyofanya mimi.

Lainisha pia ukingo wenyewe. Pitisha tupa pembeni pote, mbele na nyuma, mpaka ukipitisha kipande cha soksi kuukuu kisikwame mahali. Soksi husema kweli kuliko kidole, halafu haitoki damu.

Kitambaa: chukua merikani nzito au turubai ya pamba, yenye uzito wa karibu gramu 300 kwa mita ya mraba. Usitishwe na uzito. Ngao yako ya alumini ina kilo 1.5 hivi, duara la kitambaa hicho lenye upana wa sentimita 70 linaongeza gramu kama 115. Maduka ya Biashara Street yanauza kwa mita, na ukiwa mvumilivu Gikomba utapata mapazia mazito ya pamba ya mtumba ambayo yameshafuliwa mara mia, na hayo kwangu ni bora kuliko mapya. Ya dukani yana wanga na nta ya kiwandani ndani ya nyuzi. Uyafue kwa maji moto na sabuni, uyaanike, uyapige pasi. Faida mbili: gundi inaingia, na kitambaa kinamaliza kurudi kabla hakijawa juu ya ngao yako. Kikirudi kikiwa juu ya ngao, siku ya mvua, kinajivuta kutoka kwenye ukingo.

Hiyo merikani, kwa wasiojua, jina lake si la bure. Karne ya 19 meli za Massachusetts, Marekani, zilikuwa zikishusha majora ya pamba isiyopaushwa pale Unguja, na kitambaa hicho kikaingia bara mpaka kikawa kama fedha ya kununulia pembe na chakula njiani. Ninapokitandaza mezani huwa nacheka peke yangu: kitambaa cha Mmarekani, mchezo wa Mmarekani, nembo ya Mzungu, na mwenye ngao anatoka Umoja. Na kufunika ngao kwa kitambaa kwenyewe ni kongwe kuliko hayo yote. Pale kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, ipo ngao ya Edward, mwana wa mfalme, aliyefariki mwaka 1376: mbao, juu yake kitambaa, plasta nyembamba, na ngozi. Kwetu njia ilikuwa nyingine. Ngao ya Kimaasai, ile iliyo katikati ya bendera yetu tangu 1963, ilikuwa ngozi ya nyati iliyoshonewa kwenye fremu ya mti. Sikiliza neno hilo: iliyoshonewa. Aliyeifanya hakuuliza gundi.

Haya, gundi. Utashangaa nikikuambia hiyo ya viatu uliyotumia si mbaya. Ndiyo ninayotumia hata leo. Nakisia ulipaka upande mmoja, ukabandika ikiwa mbichi bado, ukangoja ikauke chini ya kitambaa. Hapo inakaukia wapi? Chini ni bati, juu ni poliesta, mvuke wake umefungiwa, na ndio unaoanza kuumba mapovu kabla hata jua halijafika. Gundi hii hupakwa pande zote mbili, bati na kitambaa, koti jembamba. Kitambaa kipake mara mbili kwa sababu koti la kwanza kitalinywa lote. Kisha subiri. Dakika 10, 15, 20, hewa ndiyo itakayoamua. Gusa kwa nyuma ya kidole: ikiwa haikufuati tena, iko tayari. Inaonekana imekauka, na mwanafunzi wangu yeyote hapo huanza kuwa na wasiwasi na kutaka kuongeza. Usiongeze.

Tahadhari moja ya Nairobi. Mwezi wa Julai, au asubuhi yenye ukungu, gundi ikivukisha inapoza uso wa bati, na unyevu wa hewa unatua juu yake kama unavyotua kwenye chupa ya soda baridi. Huuoni, au unaona gundi imepauka kidogo tu. Ukibandika hapo, hakishiki. Ngoja saa tano, jua likishapanda, au uanike ngao na kitambaa juani kwa muda kabla ya kupaka. Na fanya kazi mahali penye upepo. Mkebe ufunike kila unapochota, kwanza kwa sababu unakauka, pili kwa sababu sote tunajua gundi hiyo imewafanya nini watoto wa mitaani wa mji huu. Mkebe wangu haulali nje.

Gundi ya kupuliza usinunue. Joto la siku moja linaimaliza. Gundi nyeupe ya maseremala kwenye alumini iliyokwaruzwa vizuri inafanya kazi, ila maji yake yana njia moja tu ya kutokea, kupitia kwenye kitambaa, kwa hiyo ipe siku mbili, na usiipeleke kwenye mvua.

Sasa kubandika, na hapa sogea karibu. Gundi hii ikigusana na mwenzake haikubali kurudi nyuma. Kwa hiyo vunja njiti kama ishirini za ufagio wa makuti, zipange juu ya ngao iliyopakwa, zikiachana vidole vitatu, kisha laza kitambaa juu ya njiti. Sasa kinaelea. Kisogeze utakavyo, nyuzi zake zinyooke juu na chini, na kipite ukingo kwa sentimita 5 au zaidi kila upande. Ukiridhika, chomoa njiti mbili za katikati, kandamiza hapo kwa kiganja. Chomoa inayofuata upande wa kulia, kandamiza; ya kushoto, kandamiza. Hewa unaisukuma kutoka katikati kwenda nje, usiiache ikuzunguke. Ukimaliza, chukua kijiko na usugue uso wote kwa mgongo wake, kwa nguvu, mpaka mkono uchoke. Gundi ya aina hii inataka kukandamizwa kwa nguvu. Kungoja hakuiongezei chochote.

Ngao yenu imebinuka, na hapo pana ugomvi kidogo. Bati lililokunjwa upande mmoja tu, kama bomba lililopasuliwa, halimsumbui mtu. Kitambaa kinalala kama karatasi. Lililobinuka kama kifuniko cha sufuria linataka kitambaa kiwe kikubwa katikati na kidogo pembeni, na kitambaa hakijui hilo. Bahati ni kwamba pamba hurefuka ukiivuta mshazari. Tazama ngao kama uso wa saa. Nyuzi zikiwa zimenyooka kwenye 12, 3, 6 na 9, basi kivute kwenye 1 na nusu, 4 na nusu, 7 na nusu na 10 na nusu. Makunyanzi yote yatakimbilia pembeni, na ya pembeni yana dawa.

Dawa ni mkasi. Geuza ngao chali. Kile kitambaa kinachozidi, kikate vipande vya pembetatu, kila sentimita 4 hivi, mpaka kibaki kama meno ya msumeno. Ila usifike kwenye bati. Acha upana wa ncha ya kidole kidogo. Ukikata mpaka bati, kila mkato unakuwa mwanzo wa mpasuko, na fimbo itauona kabla yako. Paka gundi nyuma ya meno na kwenye bati, ngoja, kisha kunja jino moja moja ukivuta kuelekea kitovu cha ngao: la saa 12, kisha la saa 6, la 3, la 9, kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukizunguka kwa mfululizo kitambaa chote kitapinda.

Hapo ngao inapendeza, na hapo ndipo wewe ulipoishia. Kwangu ndiyo nusu ya kazi.

Chukua mpira wa maji wa nusu inchi, ule wa kumwagilia bustani, wenye nyuzi ndani. Ulio laini mno usio na nyuzi utapasuka mwezi wa kwanza. Mzunguko wa ngao yako ni kama mita 1.9. Upasue kwa urefu, upande mmoja tu; njia iliyo salama ni kufunga wembe wa kukatia kwenye ubao na kuuvuta mpira kupitia wembe, si kuusukuma wembe kuelekea mkono wako. Loweka mpira kwenye maji moto dakika chache ulainike, kisha uvike ukingoni juu ya kitambaa kilichokunjwa. Anzia chini, kwenye saa 6, ili maungio yawe mahali fimbo hazitui sana.

Sasa matundu. Sentimita 2 kutoka ukingoni, ndani kidogo ya mpira unapoishia, toboa matundu 28 yaliyopimwa sawa; yataachana kwa karibu sentimita 6. Toboa bati kabla hujabandika kitambaa, ukipenda ushauri wa mtu aliyewahi kuona drili ikikamata nyuzi za merikani na kukizungusha kitambaa chote kama tambi kwenye uma. Lainisha kila tundu pande zote mbili. Kitambaa kikishakaa, yatafute matundu kwa kidole na uyafungue kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu. Msharasi unasukuma nyuzi kando bila kuzikata, na nyuzi isiyokatwa haifumuki. Kisha chukua kamba ya nailoni nyembamba au uzi mnene wa fundi viatu na ushone: ingia tundu kutoka nyuma, zunguka juu ya mpira, ingia tundu linalofuata. Vuta kila mzunguko mpaka mpira ujikunje kidogo chini ya kamba. Vile vibano vya plastiki vya kufungia waya navyo vinafaa, na ni vya haraka, lakini ncha zake zilizokatwa zinachana mkono wa mtu. Wenye subira hufunika mshono wote kwa ukanda wa ngozi. Kariokor watakuuzia mabaki kwa kilo.

Unaona sasa kilichotokea? Kitambaa kimebanwa kati ya bati na mpira kuzunguka duara lote, na kamba imepita ndani yake mara 28. Gundi yote ikifa kesho kwa jua, kitambaa hakiendi popote. Kitalegea, basi.

Kuhusu sponji, hapana. Usiitie chini ya kitambaa. Fimbo ikitua, sponji inabonyea, kitambaa kinavutwa kuingia shimoni, na kikivutwa mara mia tano kwa Jumamosi kinapasuka. Pia sponji inakunywa maji na jasho na kuyahifadhi. Kelele iue kwa nyuma. Kata kipande cha zulia kuukuu lenye mgongo wa mpira, kibandike upande wa ndani, kiende mpaka karibu na kamba za ukingo, na juu yake, pale mkono unapolala, weka kipande cha godoro gumu la mazoezi. Bati linalia kwa sababu linatetemeka bila kizuizi; ukilibandika kitu kizito na kizembe mgongoni linanyamaza. Merikani na gundi mbele, mpira pembeni, zulia nyuma: litatoa mlio wa mlango wa gari jipya, dufu, wala si ule wa sufuria iliyoanguka saa nane za usiku.

Boliti za mkanda na mshikio nazipitisha baada ya kitambaa, zenye kichwa bapa cha mviringo, na chini ya kichwa washa pana na kipande cha ngozi. Wapo wanaozificha chini ya kitambaa ili uso uwe safi. Siku nati ikilegea watakichana kitambaa chao kwa mikono yao wenyewe. Na alumini ikikutana na boliti ya chuma cha kawaida na jasho la chumvi, italiwa kuzunguka tundu, inageuka unga mweupe. Ile ngozi inasaidia kuwatenganisha.

Rangi: ya maji, ya ukutani ya nje, iliyochanganywa na maji kidogo kwa koti la kwanza ili iingie kwenye pamba, kisha makoti mawili mazito zaidi. Nembo ichore kwa rangi hiyohiyo. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri siku ya picha, ila ikishakauka ni ganda, na ganda likipigwa linapasuka. Hili la rangi halina siri kubwa.

Kuna njia nyingine ambayo sitaki uione kama ya wavivu: foronya. Unashona kitambaa chenye upindo nyuma na kamba ndani yake, unakivika ngao, unakaza kamba kama mfuko, na mpira wa ukingo unakaa chini yake. Kwa jukwaa, kwa gwaride, kwa mtu anayebadilisha nembo kila wiki, hiyo ndiyo yenyewe, na kufua unafua. Kwa mapigano ya kweli kinajikunja, fimbo inakwama kwenye mkunjo, na mwenye ngao anavutwa mkono. Nimeshona zote mbili na nimeziona zote zikirudi; za foronya zilirudi zimechanika pembeni.

Jambo la mwisho ni bati lenyewe. Alumini ya Kamukunji mara nyingi ni laini, ileile ya masufuria, na kwa milimita 2 ukingo utapinda mkipigana kwa nguvu. Wamarekani wengi hutumia milimita 3 ya aloi ngumu, 6061. Si lazima mtupe mlizonazo. Kila mkimaliza mchezo pitisha mkono juu ya mpira kuzunguka, na mahali mpira umekaa upande, fungua kamba kidogo uone. Ukingo uliopinda unyooshe kwa nyundo ya mbao juu ya gogo kabla haujaanza kukikata kitambaa kutoka chini.

Kwa ngao nane, nunua mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150: kila ngao inataka kipande cha mraba cha sentimita 72, viwili vinaingia kwenye upana. Ila kumbuka unakifua kwanza na kitarudi, kwa hiyo mwambie muuzaji akupimie mita 3 na nusu. Mpira, mita 16. Muuzaji akikuuliza unamwagilia shamba gani, utajijibia mwenyewe.